Nani Mwenye Sauti ya Bi Somoe?

Hapo zamani, watu wa Kitopeni walitawaliwa na Jumbe mmoja aliyekaa mbali nao, juu kilimani, ndani ya boma la mawe. Jumbe huyo alipenda kuitwa mwadilifu. Aliimbiwa hivyo asubuhi, akaimbiwa hivyo jioni, mpaka akaamini. Mwadilifu! Ngojeni niwaeleze uadilifu wake, kisha mwimbe wenyewe kama mtaweza.

Jumbe alikuwa hasikilizi malalamiko ya mdomo. "Ulimi hauna mfupa," alisema. "Mtu akija mbele yangu atalia, atajigaragaza, atanichanganya akili. Mwenye shida aandike." Basi mwenye shida aliandika, au alitafuta wa kumwandikia. Karatasi ikapelekwa barazani. Pale barazani palikuwa na msomaji, mtu wa huko huko kilimani, jina lake Ussi. Na Ussi naye alifungwa na sheria yake: asome ameketi, asome macho chini, asome kwa sauti moja tu, bila kupanda wala kushuka, kama maji yapitayo mferejini. Msomaji akipandisha sauti, kazi hana.

Sasa njooni Kitopeni.

Kitopeni alikuwapo mjane mmoja, Bi Somoe, mfinyanzi. Vyungu vyake vilikuwa vizuri, lakini sauti yake ilivishinda. Akitembeza vyungu mtaani, mwanamke aliyekuwa navyo vitatu jikoni alitoka kununua cha nne. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Faki. Na Faki alikuwa na mke, Mize, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Baba yake alimfundisha herufi tangu udogoni, akawa anasoma na kuandika vizuri kuliko wanaume wengi wa mji ule.

Na palikuwa na akida. Pana hadithi ya dhuluma isiyo na akida? Wa Kitopeni aliitwa Mwinyikondo. Ndiye aliyemwakilisha Jumbe, ndiye aliyelinda ghala la mtama wa Jumbe, na ndiye aliyekuwa na kiti barazani cha kuwasemea watu wa Kitopeni. Kuwasemea! Watu wenyewe hawakumbuki siku aliyowasemea.

Siku moja akida akafanya karamu. Akachinja, akaalika, akaamuru nyama ichomwe uani, ubavuni mwa ghala, kwa sababu kivuli kilikuwa pale. Watu wakamwambia, "Bwana akida, paa la makuti hilo, na upepo huu." Akasema, "Nani akida hapa?" Wakanyamaza. Cheche ikaruka, paa likashika. Na mtu wa kwanza kukimbia ni nani? Akida. Alikimbia na mnofu mkononi.

Faki hakukimbia. Faki alipanda juu ya ghala, akashika makuti yanayowaka kwa mikono yake mitupu, akayang'oa, akayatupa chini. Akang'oa, akatupa. Akang'oa, akatupa. Nusu ya mtama wa Jumbe ikapona. Faki akashuka, viganja vyote viwili vimeiva.

Moto ulipozimika, akida akarudi na askari. Akauliza, "Nani kachoma ghala la Jumbe?" Watu kimya. Akasema, "Nyosheni mikono." Watu wakanyosha. Mikono yote mizima, isipokuwa ya mtu mmoja.

"Huyo!" akasema akida. "Asiyechezea moto haungui. Mkamateni."

Mmesikia? Mikono iliyozima ikaitwa mikono iliyowasha! Na watu waliokuwa pale, waliokula nyama ile, walioona kwa macho yao, wakaitazama mikono yao mizima na wasiseme neno. Faki akapelekwa bomani, akafungwa. Hukumu ikatoka: mavuno yakiisha, akatwe mikono.

Bi Somoe alikwenda mpaka lango la boma, akasimama, akaita. Mnaijua sauti ile. Iliruka ukuta, ikavuka ua, ikaingia barazani, ikamkuta Jumbe anakunywa kahawa. "Jumbe! Mwanangu hakuchoma! Mwanangu alizima! Jumbe, unanisikia?"

Jumbe alisikia. Shikeni hilo, msije mkamtetea baadaye: alisikia. Akaweka kikombe chini, akasema, "Fungeni dirisha."

Dirisha likafungwa. Bi Somoe akaita mpaka koo likakauka. Mwishowe askari mmoja akamwonea huruma, akamwambia, "Bibi, hapa sauti haiingii. Lete karatasi."

Bi Somoe akaenda kwa karani aitwaye Badi, mtu mwenye kilemba kikubwa na mwandiko mzuri. Akamweleza yote huku analia. Badi akaandika hivi: "Ama baada ya salamu nyingi na kukuombea afya njema, inaarifiwa kwamba kulitokea tukio la kuungua kwa ghala, na kwamba mshtakiwa hakuhusika na tukio hilo, na kwa hiyo inaombwa huruma yako tukufu."

Karatasi ikaenda barazani. Ussi akaisoma ameketi, macho chini, sauti moja. Jumbe akapiga mwayo. "Imesikika," akasema. "Soma inayofuata."

Jioni Ussi alipotoka, akamkuta Bi Somoe langoni.

"Baba, wewe ndiye msomaji?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Umesoma yangu?"

"Nimesoma."

"Na nilipolia, ulisoma?"

Ussi akainamisha kichwa. "Bibi yangu, mle hamkuwa na kilio."

Bi Somoe akarudi nyumbani, akakaa kizingitini, hataki chakula, hataki maji. Mize akamwambia, "Mama, niambie mimi. Mimi nitaandika." Akaleta karatasi, wino na kalamu ya utete. Bi Somoe akasimulia, Mize akaandika, na kama alivyofundishwa na baba yake, akasafisha. Neno lililosemwa mara tatu akaliandika mara moja. Palipopinda akanyosha. Palipokosewa akafuta. Kisha akamsomea mamamkwe wake.

Bi Somoe akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huyo anayesema ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi? Mimi siyo! Huyo ameshiba, na mwanawe amelala chumbani. Mwanangu anakwenda kukatwa mikono, halafu mimi niseme 'na kwa hiyo'? Nimesema mimi 'na kwa hiyo'?" Akachukua chungu kibichi kilichokuwa karibu, akakipiga chini. "Wote nyinyi mnaojua kuandika ni wamoja! Mnamchukua mtu yu hai, mnamrudisha amevikwa sanda!"

Na Mize naye akapandwa na hasira. Msidhani alikuwa mpole. "Faki ni mwanao, lakini ni mume wangu!" akasema. "Unadhani mimi sijui kulia? Haya, sema! Sema kama ulivyosema langoni, na mimi nitaandika ninavyosikia. Hata ukipiga chafya nitaiandika!"

Basi Bi Somoe akasema, na safari hii Mize hakusafisha kitu. Mama aliposema "akang'oa" mara tatu, akaandika mara tatu. Mama alipokata pumzi, akakata sentensi papo hapo. Mama alipokosea siku, akajisahihisha, Mize akaandika kosa na sahihisho lake. Mama alipojipiga paja, Mize akasimamisha kalamu, akatafuta, akaandika "pa!" Na mama alipomgeukia akamuuliza, "Unanielewa lakini?", Mize akaliandika swali lile vilevile, ili limfikie Jumbe usoni.

Wakafika kwenye habari ya kukatwa mikono. Bi Somoe akafungua kinywa. Neno halikutoka. Akafungua tena. Halikutoka. Akainuka, akatoka nje, akaenda kusimama kwenye tanuri la vyungu, nyumba akiipa mgongo.

Mize akabaki na kalamu mkononi. Karatasi haiwezi kunyamaza kama mtu anavyonyamaza. Karatasi ikinyamaza ni tupu. Akafikiri. Kisha akaandika maneno yake mwenyewe, kwa sauti ya mama, pale mama aliposhindwa. Na mama aliporudi akasema, "Nisomee," Mize akasoma yote, ila pale akaruka.

Kwa nini aliruka? Aliogopa? Aliona haya? Mtamuuliza wenyewe. Mimi nasema aliruka.

Karatasi ikaenda barazani. Akida Mwinyikondo yupo, kwenye kiti chake, anachokonoa meno. Jumbe yupo, amejinyosha. Ussi akaketi, akainamisha macho, akaanza kwa sauti yake ya mfereji:

"Jumbe. Mimi Somoe. Somoe wa vyungu. Chungu unachopikiwa hicho huenda nimekifinyanga mimi. Nimekuja kusema, na walio hapo wote wasikie. Jamani, mpo?"

Ussi akanyamaza kidogo, kwa sababu sentensi ilikatika. Na mlangoni, askari waliozaliwa Kitopeni, waliolelewa wakiitikia sauti ile mtaani, wakasahau walipo. Wakaitikia, "Tupo!"

Jumbe akainua kichwa.

Ussi akaendelea. "Ilikuwa Alhamisi. La, nisiseme uongo, ilikuwa Jumatano, Alhamisi ndiyo siku waliyomchukua. Jumatano. Upepo unavuma. Akida anachoma nyama. Wapi? Ubavuni mwa ghala! Ghala la nani? Lako! Cheche, pa! juu ya makuti. Akida huyoo! Anakimbia. Nyama mkononi, Jumbe, nyama hakuiacha. Na mwanangu akapanda. Kwa nini apande? Mtama wake? Akapanda. Akang'oa, akatupa. Akang'oa, akatupa. Akang'oa. Unanielewa lakini?"

Hapo Ussi hakuwa ameketi tena. Hakujua alisimama saa ngapi. Macho hayakuwa chini, mkono ulikuwa juu unang'oa makuti ambayo hayapo, na sauti, lo! sauti ilipanda, ikashuka, ikapasuka katikati kama ya mama mzee. Jumbe akageuka kutazama mlangoni. "Nani kamruhusu mwanamke huyu kuingia?" akauliza. Askari wakatazamana. Hapakuwa na mwanamke.

Ussi akamalizia: "Nakuuliza, bwana. Nyumba yako ikiwaka moto, na mwanao akiuzima kwa viganja vyake, utaishika mikono ile umtie dawa, au utaishika umtie kisu?"

 Akida akaacha kuchokonoa meno.

Jumbe akasema, "Mleteni kijana." Faki akaletwa, akafunuliwa viganja. Mtu yeyote mwenye macho angeona: mistari ya makuti ilikuwa imejichora kwenye ngozi, vile mtu anavyoshika kitu kwa nguvu. Ilikuwa pale siku zote! Hakuna aliyetazama! Sasa ndipo askari wakasema, wapishi wakasema, kila mtu akapata kinywa. Akida akavuliwa kiti siku ileile, na Faki akafunguliwa.

Jumbe akaagiza Bi Somoe aletwe. Akaja na Mize. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Bi Somoe akaingia kwenye lango lile. Jumbe akamtazama, akasema, "Wewe ndiye uliyenitoa usingizini. Lirudie lile swali lako la mwisho, nilisikie kwa mdomo wako."

"Swali lipi?"

"La dawa na kisu."

Bi Somoe akamtazama Jumbe. Akamtazama Ussi. Akamtazama Mize, na Mize akainamisha uso.

"Hilo sikulisema," akasema Bi Somoe.

"Basi nani kasema?"

Mize akasema, "Niliandika mimi."

Ussi akasema, "Nilitamka mimi."

Jumbe akacheka. Alicheka! Kisha akasema, "Kiti cha Kitopeni kiko wazi. Atakayekikalia atasema hapa barazani kwa mdomo wake, bila karatasi, nami sitafunga dirisha. Nakitoa kwa yule aliyenifanya nimsikie mtu ambaye hayupo. Kiti ni kimoja, na mtu ni mmoja. Kubalianeni kabla ya adhana ya alasiri. Msipokubaliana, namkalisha mdogo wake Mwinyikondo." Naye mdogo wake Mwinyikondo alikuwa amesimama pale ukutani, amevaa kanzu mpya.

Wakatoka uani. Na hapo ndipo moto wa pili ulipowaka.

Bi Somoe akasema, "Pana la kukubaliana hapa? Sauti ni yangu. Mtoto ni wangu. Mwenye uchungu ni mimi. Huyu alichukua kinywa changu kwenye karatasi, na huyu akakivaa mbele ya watu. Na wewe Mize, ukatia neno lako mdomoni mwangu, ukanisomea ukaliruka! Nimesimama mbele ya Jumbe kama mwizi wa maneno yangu mwenyewe. Nilikuwa nimenyamaza pale. Kunyamaza kwangu kulikuwa kwangu!"

Mize akasema, "Mama, nisamehe kwa kuruka. Kwa kuandika sikuombi msamaha. Sauti yako ilifika dirishani, ikafungiwa dirisha. Ilikuwa nzuri na ilikuwa kubwa, na haikumfungua mwanao. Nani aliikata ikatoshea kwenye karatasi bila kufa? Kosa lako la siku niliacha mimi. Pumzi yako nilihesabu mimi. Ulidhani karatasi inajisemea yenyewe? Na ulipotoka nje ukasimama kwenye tanuri, mimi ndiye niliyesikia ulichotaka kusema. Swali lile ndilo lililomwamsha. Ningeacha pale wazi, Faki angekuwa na mikono leo?"

Ussi akasema, "Nyote wawili mnasema kama vile karatasi ilipaa ikajisoma. Mimi nilikuwa na kazi, na tangu leo sina. Mwaacha hilo? Jumbe amesikia, amefurahi, na papo hapo ameniambia, 'Ulipandisha sauti, nenda zako.' Sheria ni sheria, anasema! Ningesoma macho chini kama siku zote, swali lenu lingepita na mwayo. Nilijua kitakachonipata, nikasimama."

"Ulijua?" Bi Somoe akamgeukia. "Na karatasi ya kwanza ulisoma wewe! Mwanangu yuleyule, moto uleule. Mbona hukusimama?"

"Ile ilikuwa maiti, bibi. Hata msomaji hodari hamfufui maiti."

"Lakini ulijua ni ya mama aliyelia langoni!" akasema Mize. "Ulijua, ukaisoma kama bei ya chumvi."

 Ussi akasema polepole, "Nilikuwa na kazi wakati ule, na woga vilevile. Sasa sina vyote viwili. Ndiyo maana nasema nipeni kiti."

Bi Somoe akasema, "Mtu asiye wa Kitopeni atusemee?"

Mize akasema, "Na mtu anayesema vizuri lakini akipatwa na uchungu anatoka nje, atatusemea?"

Bi Somoe akasema, "Na mtu anayetia maneno midomoni mwa watu kisha akaficha, ndiye atusemee?"

Wakamgeukia Faki. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, viganja juu ya magoti, vimefungwa majani. Mama yake akasema, "Sema, mwanangu." Mkewe akasema, "Sema, mume wangu." Ussi akamtazama tu.

Faki akasema, "Mama asiitwe mnyamavu, na mke wangu asiitwe mwongo. Huyu bwana amepoteza mkate wake kwa ajili yangu. Mnataka nichague? Mimi nilikuwa ndani, gizani, wala sikuisikia sauti yenyewe. Nilisikia kufuli tu." Akaangalia chini. "Lakini nasema hivi: Jumbe alisikia tangu siku ya kwanza, kwa masikio yake. Kwa nini leo sisi ndio tugombane?"

 Sisi tusijifanye tunaweza kumjibu. Na kule ukutani mdogo wake Mwinyikondo alikuwa anajipangusa vumbi begani, na mwadhini alikuwa tayari anapanda ngazi.

Haya, nyinyi mliokaa hapo, msinitazame mimi. Yuko aliyesema mpaka sauti ikamkauka, na palipouma zaidi akashindwa. Yuko aliyeandika mpaka karatasi ikahema, akatia neno lisilokuwa la mwenyewe, akalificha. Yuko aliyesoma mpaka mtu asiyekuwapo akaonekana, baada ya kusoma mara ya kwanza kama asiye na roho. Kiti kimoja, na adhana i njiani. Semeni upesi, na atakayesema aseme kwa sababu: ile sauti iliyoingia barazani ilikuwa ya nani, na kiti kile cha Kitopeni, je, nani alistahili kukikalia?